Nyanya zenye madoa, na pampu nyuma ya mlango

Swali: Agronomu, jambo. Nakaa Kadutu, hapa Bukavu, nina watoto wawili na mimba ya miezi mitano. Nyanya ninazonunua sokoni siku hizi zina madoa ya njano na meupe, kama unga umezikaukia. Jirani ananiambia nizioshe na Omo, mwingine anasema chumvi, mwingine siki, na dada mmoja wa kanisani kwetu ameacha nyanya na kabichi kabisa kwa kuogopa kansa. Mimi nifanye nini? Kuna hatari kwa mtoto aliye tumboni? Samahani kwa urefu. Shemeji yangu analima nyanya na kabichi huko Kabare, na pampu yake ya kupulizia pamoja na dawa anaziacha kwetu, nyuma ya mlango wa jikoni. Tena juzi alitia vidonge katika gunia la maharagi lililo chumba cha watoto. Yeye anasema hizo ni dawa za kawaida tu.

Jibu: Mama, asante kwa kuandika, na pole kwa hofu unayoibeba pamoja na mimba. Umeuliza juu ya nyanya na nitakujibu juu ya nyanya, mpaka namna ya kumimina maji. Lakini sitaanzia hapo. Naanzia sentensi zako za mwisho, zile ulizoziandika kama mtu anayeaga mlangoni, kwa sababu nilipozifikia niliacha kusoma nikachukua simu. Ujumbe wangu ulikuwa mfupi: watoto wasilale tena katika chumba kile, na gunia litoke nje. Sasa nieleze sababu, maana najua nyumba nyingi za Kadutu, Bagira na Panzi zina gunia kama hilo.

Vidonge vinavyotiwa ndani ya maharagi au mahindi ili kuua fukusi huwa, karibu kila mara, ni fosfidi ya aluminiamu. Kidonge kikikutana na unyevu wa hewa huanza kutoa gesi inayoitwa fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayopenya katikati ya punje na kuua kila kinachovuta pumzi humo. Kidonge cha kawaida kina gramu 3 na hutoa gramu 1 ya gesi. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2 na nusu, kama vyumba vyetu vingi. Gesi ya kidonge kimoja ikitoka yote ndani ya chumba hicho kikiwa kimefungwa, hewa itakuwa na sehemu kama 30 za fosfini katika kila milioni. Sheria ya Marekani kwa watu wazima wanaofanya kazi katika maghala inaruhusu sehemu 0.3. Hiyo ni karibu mara mia, na hapa tunazungumza juu ya mtoto aliyelala.

Ni kweli gesi hutoka polepole, kwa siku kadhaa, na nyumba zetu za mbao zina nyufa. Ndiyo sababu watu wengi huamka tu na kichwa kinachouma, kichefuchefu na kifua kilichobana, wakasema ni malaria. Lakini usiku wa mvua, unyevu ukiwa mwingi na kila mtu amefunga dirisha, hesabu inabadilika. Na kwa fosfini hakuna dawa ya kuipinga mwilini. Hospitali inaweza tu kusaidia moyo na mapafu huku wakisubiri. Wengine hunusa harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Ukiinusa, toka. Usipoinusa, usijihakikishie kwamba chumba ni salama.

Kulitoa gunia ni kazi ya shemeji mwenyewe, wewe usiikaribie. Afungue mlango na dirisha, atoke, asubiri saa nzima au zaidi, kisha aingie, alibebe haraka na kutoka. Kitambaa puani hakizuii gesi hii, kwa hiyo asikitegemee akakaa ndani kupanga vitu. Gunia liende mahali penye paa lisilovuja na upepo unaopita, mbali na watu, mbuzi na kuku. Asilimwagie maji hata kidogo, maana maji ndiyo yanayoharakisha gesi. Likae huko wiki nzima. Baadaye ayapepete maharagi nje, upepo ukimpiga mgongoni, na ule unga wa kijivu unaobaki auzike mbali na chemchemi. Maharagi yenyewe mtayala: gesi ikishaondoka haiachi kitu kikubwa ndani ya punje. Yaosheni, yalowekeni usiku, mmwage maji ya kulowekea, mpike.

Kwa mavuno yajayo kuna njia isiyohitaji kidonge, na inanisikitisha kwamba watu wanalipa pesa kwa sumu wakati bidoni iko nyumbani. Chukua bidoni safi ya lita 20 ambayo haijawahi kubeba dawa wala petroli. Hakikisha maharagi yamekauka. Ili kujua, tia kiganja cha maharagi na kijiko cha chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tikisa, acha kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye ukuta wa chupa, maharagi bado yana maji, yarudishe juani. Ikianguka chini yote, jaza bidoni mpaka mdomoni pasibaki nafasi ya hewa, weka kipande cha mpira chini ya kifuniko, kaza, na usifungue kwa miezi miwili. Fukusi waliomo watamaliza oksijeni yao wenyewe na kuacha kula. Mifuko ya tabaka tatu inayouzwa kwa jina la PICS hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kiliibuni pamoja na watafiti wa Kamerun kwa ajili ya kunde, miaka ya 1980.

Sasa pampu nyuma ya mlango wa jikoni.

Neno letu lenyewe linachangia. Tunaita dawa kile unachompa mtoto mwenye homa, tena tunaita dawa kile shemeji anachopulizia kabichi. Mtoto wa miaka mitatu anayesikia maneno hayo hana njia ya kujua kwamba ni vitu viwili. Mimi shambani nimejizoeza kusema sumu ya wadudu, sumu ya ukungu. Wakulima walishangaa mwanzoni, sasa baadhi yao wanasema hivyo hivyo.

Angalia tofauti ya ukali. Tuseme shemeji anatia mililita 20 za dawa katika pampu ya lita 15. Basi kilichomo ndani ya chupa ni kikali mara 750 kuliko kinachotoka kwenye pampu, na kinachotoka kwenye pampu hukauka juu ya jani, kikavunjwa na jua na kuoshwa na mvua kabla nyanya haijafika sokoni. Wewe unaogopa mwisho wa safari ya sumu hii, na mwanzo wake umesimama karibu na sufuria yako. Nimeona katika nyumba zetu dawa iliyomiminwa katika chupa ya Fanta, unga wa ukungu katika sashe isiyo na maandishi ikining'inia pamoja na sashe ya chumvi, kopo la kupimia likirudishwa kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Mwaka 2013, katika jimbo la Bihar huko India, watoto 23 wa shule ya msingi walikufa baada ya kula chakula cha mchana cha shule. Mafuta ya kupikia yalikutwa na monokrotofosi, sumu kali ya wadudu, na uchunguzi ulielekeza kwenye chombo kilichokuwa na sumu hiyo kabla ya kutiwa mafuta. Hakuna shamba lililopuliziwa siku hiyo. Ni chombo tu.

Kwa hiyo pampu na chupa zote zitoke jikoni leo. Zikae nje, katika sanduku lenye kufuli, juu kuliko mkono wa mtoto, ufunguo uwe kwa shemeji. Bidoni au chupa iliyokwisha dawa ioshwe mara tatu kwa maji, maji hayo yarudi ndani ya pampu yakapuliziwe shambani, kisha itobolewe kwa msumari ili asije mtu akaiokota na kwenda kuchotea maji. Najua bidoni kwetu ina bei, na kuitoboa kunauma. Itoboeni.

Na nguo? Hukuniandikia ni nani anayefua nguo za shemeji akirudi kutoka shambani. Kama ni wewe, hapo ndipo penye jibu la swali lako la mtoto aliye tumboni, kuliko kwenye beseni la nyanya. Pampu nyingi ninazoziona huvuja kwenye mpira wa bega, shati linalowa mgongoni, na sumu nyingi za wadudu hupita kwenye ngozi bila kuomba ruhusa. Unapolisugua shati lile kwa mikono mitupu, pamoja na nguo za watoto, unajipaka kile ambacho yeye amejipaka. Afue mwenyewe, katika beseni lake, nguo zake peke yake, na maji yamwagwe shimoni, yasiende mtaroni wanakocheza watoto.

Sisemi hili kwa kukisia. Katika bonde la Salinas, jimbo la California, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walianza mwaka 1999 kuwafuatilia wajawazito wanaoishi katikati ya mashamba ya mboga, wengi wao wakiwa wa familia za vibarua wa mashambani. Walipima katika mkojo wa mama mabaki ya kundi la sumu za wadudu linaloitwa oganofosfeti. Mwaka 2011 walitangaza kwamba watoto waliokuwa wamefika miaka 7, ambao mama zao walikuwa na mabaki mengi zaidi wakati wa mimba, walipata alama kama 7 pungufu katika vipimo vya akili kuliko wale ambao mama zao walikuwa na mabaki machache zaidi. Mwaka huohuo tafiti mbili za New York zilielekea upande uleule. Utafiti wa namna hii hauwezi kusema mtoto fulani ameumizwa na chupa fulani, lakini ulitosha kuwatikisa watunga sheria. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa klorpirifosi, mojawapo ya sumu za kundi hilo, mwaka 2020, na mwaka 2025 Mkataba wa Stockholm uliiweka katika orodha ya kemikali ambazo dunia inapaswa kuziondoa, ingawa na vighairi kadhaa.

Shemeji anasema ni dawa za kawaida. Huenda anasema kweli, huenda hajui, maana wakulima wengi hununua iliyogawanywa kwenye sashe na muuzaji anawaambia jina tu. Mwambie atazame chini ya lebo. Chupa nyingi zina mstari wa rangi unaozunguka. Nyekundu ni sumu kali kabisa, hiyo isikae kwenu hata usiku mmoja. Njano ni ya hatari ya kati, na sumu nyingi za wadudu za wakulima wetu ziko hapo. Bluu ni ya chini zaidi, na kijani ni ile isiyotazamiwa kudhuru haraka ikitumiwa sawasawa. Angalia neno haraka: rangi inasema juu ya sumu ya siku moja, haisemi lolote juu ya miaka kumi. Na kama hakuna lebo, basi hakuna anayejua ni nini, hata yeye.

Basi tufike sokoni.

Yale madoa ya njano na meupe kwenye nyanya yako mara nyingi ni mankozebu, unga wa kuzuia ukungu ambao wengi huuita kwa jina la Dithane hata ukiwa umetoka kiwanda kingine. Doa likielekea bluu, huenda ni shaba. Ukipanda Kabare msimu wa mvua utaelewa kwa nini ziko kila mahali. Mildiu, ugonjwa wa ukungu, huingia katika shamba la nyanya jioni likiwa la kijani, na baada ya siku chache majani yamekuwa kama yaliyounguzwa na maji moto. Mankozebu haiingii ndani ya mmea, inakaa juu kama koti, mvua inaiosha, mkulima anapulizia tena. Mwenye shamba dogo aliyekopa pesa ya mbegu hupulizia kila mawingu yakikusanyika. Wachuuzi wengine wameniambia nyanya yenye unga haiozi haraka, kwa hiyo kuna wanaoipulizia asubuhi na kuichuma mchana. Hili ni kosa kubwa, nitarudi kulieleza.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hulikosea. Doa unaloliona ndilo rahisi kuondoa, kwa sababu liko juu. Sumu za wadudu mara nyingi ni maji yanayokauka bila kuacha alama, na nyingine hufyonzwa na mmea mpaka ndani ya nyama ya tunda. Nyanya inayong'aa bila doa inaweza kuwa imepuliziwa jana. Usichague kwa macho peke yake.

Mankozebu yenyewe haimwui mtu kwa siku moja. Wasiwasi wake ni wa muda mrefu: inasumbua homoni, hasa tezi ya shingo. Ulaya iliamua mwishoni mwa 2020 kutoiruhusu tena, kwa sababu ya homoni na ya uzazi. Na ikipata moto, sehemu yake hubadilika kuwa kitu kingine, etilinithiurea, ambacho ndicho hasa kinachoisumbua tezi hiyo. Kumbe ukikata nyanya yenye madoa ukaitumbukiza kwenye mafuta moto kwa kufikiri kwamba moto utaua sumu, umefanya kinyume. Osha kwanza, kisha pika. Sisi wa Kivu tuna sababu ya ziada ya kuijali tezi hii. Wazee wanakumbuka shingo zilizovimba Idjwi. Watafiti wa Kibelgiji walifika kisiwani miaka ya 1960 kuchunguza rovu, wakakuta upungufu wa iodini na mihogo vikisaidiana kuileta. Kwa mjamzito, chumvi yenye iodini ni kinga ambayo ningeinunua kabla ya siki yoyote. Iweke katika kopo lenye kifuniko, kwani ikiachwa wazi iodini hupotea.

Kuosha, basi. Mwaka 2000 watafiti wa kituo cha kilimo cha Connecticut, Marekani, walichapisha jaribio la kuosha mboga na matunda kwa maji ya bomba tu. Kati ya sumu 12 walizozipima, 9 zilipungua wazi. Walijaribu pia sabuni maalumu za kuoshea matunda, hazikushinda maji matupu. Kilichofanya kazi ni maji yanayotembea na mkono unaosugua. Omo acha kabisa: nyanya na majani yana vinyweleo na mikunjo, sabuni inabaki humo mnaila. Chumvi na siki havitawadhuru, lakini pesa ya siki nunulia yai. Magadi ya kuokea, yale ya maandazi, yana ushahidi kidogo: mwaka 2017 watafiti wa Massachusetts waliloweka tufaa katika maji yenye gramu 10 kwa lita, kama vijiko viwili vidogo, na baada ya dakika 12 hadi 15 sumu mbili walizozipaka zilitoka juu ya ganda. Lakini ya mojawapo, asilimia 20 ilikuwa imekwishaingia ndani ya ganda, na hiyo haikutoka.

Kadutu bomba halitoki kila siku, najua. Fanya hivi. Nyanya zikiwa nzima, kabla ya kukata kikonyo, zilowanishe katika beseni la kwanza na kuzisugua moja moja kwa vidole, hasa pale kwenye kitako cha kikonyo ambako unga hujificha. Mwaga maji hayo, utaona yamegeuka rangi ya maji ya ugali. Kisha shika nyanya mkononi na kumiminia kwa kopo huku unaizungusha, kama unavyomnawisha mgeni mikono. Futa kwa kitambaa safi. Ukitaka uhakika zaidi, zitie katika maji moto kwa muda mfupi zimenyeke ganda, na ganda hilo usiwape kuku. Kama ni za kachumbari, suuza mwisho kwa maji yaliyotiwa klorini, kwa ajili ya kipindupindu. Hilo nalisema kwa uzito: katika mji huu, mboga mbichi isiyooshwa vizuri inaweza kumpeleka mtoto hospitali kwa kipindupindu wiki hii, wakati mabaki ya dawa ni hesabu ya miaka.

Kabichi bandua majani matatu au manne ya nje na kuyatupa, humo ndimo dawa nyingi ilimokaa. Lengalenga, yaani mchicha, osha jani kwa jani katika maji mawili. Sombe, majani ya mihogo, mara chache hupuliziwa, na kwa kawaida sina hofu nayo zaidi ya ile ya siku zote, kwamba iive sana.

Je, dada wa kanisani ana haki? Hofu yake naiheshimu, uamuzi wake ningeubadili. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa kansa ya Shirika la Afya Duniani iliweka glifosati, malathioni na diazinoni katika kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta kansa kwa binadamu. Lakini ushahidi waliokuwa nao kwa watu ulitoka hasa kwa wale wanaovishika: wakulima, wapuliziaji. Mlaji hupata kiasi kidogo mno kikilinganishwa na chao. Tangu 1963 kuna tume ya kimataifa, Codex Alimentarius, inayoweka kikomo cha mabaki kwa kila dawa na kila zao, na kiwango cha kula kila siku huwekwa, kwa kawaida, mara 100 chini ya kile ambacho hakikudhuru wanyama maabarani. Tatizo letu Bukavu ni kwamba hakuna anayesimama pale soko la Kadutu au la Nyawera kupima nyanya kabla hazijauzwa, kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba ya leo iko ndani ya kikomo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mjamzito anayeacha mboga anapoteza kitu cha hakika, kuanzia folati inayojenga uti wa mgongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linataka gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na wengi wetu hatufiki hata nusu. Kula, Mama. Badilisha aina pia: leo nyanya, kesho lengalenga, kesho kutwa karoti au boga, ili sumu ya zao moja isikurudie kila siku.

Na muulize anayekuuzia. Usimwulize kama nyanya ni nzuri, atasema ni nzuri. Muulize zilichumwa wapi, na zilipuliziwa siku gani. Mwanzoni atacheka. Ukirudi mara ya tatu na swali lilelile, na jirani zako watatu wakiliuliza, ataanza kumwuliza mkulima. Nimeona hilo likitokea katika soko la Mudaka kwa kabichi.

Shemeji naye namhitaji katika jambo hili, kwa sababu yeye ndiye mwenye mkono. Kila dawa ina siku za kungoja kati ya kupulizia na kuchuma, zimeandikwa kwenye lebo. Huwa kati ya siku 3 na zaidi ya 14, kulingana na dawa na zao. Mankozebu kwenye nyanya ni siku kadhaa, mara nyingi chini ya wiki. Akiwa na mteja kesho, asipulizie leo. Akiona lazima apulizie leo, achume kwanza zilizoiva. Apande kwa nafasi upepo upite, afunge nyanya kwenye miti zisilale chini, akate majani ya chini, amwagilie kwenye shina badala ya kunyesha majani. Mildiu hupenda jani lililolowa, na mkulima anayefanya hivyo hupunguza idadi ya pampu kwa msimu mzima. Asidhani pia kwamba cha kienyeji hakiui. Pareto ya milima yetu ni sumu ya wadudu, tumbaku nayo ni sumu kali, na ule mti wa tefrosia ambao watu hupondea mtoni kuvulia samaki unafanya kazi kwa sababu unawaua samaki.

Juu ya maji nina kidonda changu. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha Kabare, niliitwa asubuhi na kikundi cha akina mama waliokuwa na mabwawa matatu ya tilapia. Samaki walielea tumbo juu, wakubwa na wadogo, na kingo zote za bwawa la kwanza zilikuwa zimemeremeta kwa magamba. Juu ya mfereji, mwendo wa dakika kumi, kijana alikuwa ameosha pampu yake jioni. Alikuwa amepulizia piretiroidi, ile ambayo kwa mtu si kali sana na ndiyo inayotiwa kwenye vyandarua, lakini kwa samaki ni balaa hata kwa matone. Kijana hakuwa mtu mbaya. Nilikuwa mimi niliyewafundisha kupima dawa, na sikuwa nimewaambia mahali pa kuoshea pampu. Tangu siku hiyo huanza na hilo. Pampu ioshewe shambani, maji yake yamwagwe kwenye mimea iliyokwisha kupuliziwa, mbali na mto.

Mwisho, ujue dalili, kwa sababu dawa imekaa nyumbani kwenu muda mrefu. Mtu akianza ghafula kutoa mate mengi, machozi, jasho, kutapika na kuharisha, mboni za macho zikawa ndogo kama kichwa cha sindano, misuli ikawa inatetemeka yenyewe, fikiria sumu ya wadudu kabla ya kitu kingine. Mvue nguo zote, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, ninyi mkijikinga mikono. Mlaze ubavu. Usimtapishe, na usimpe mafuta ya mawese wala maziwa, hata bibi akisisitiza: mafuta yanaweza kuingia mapafuni, na muda unaopotea ndio atropini, dawa ya kuipinga sumu hiyo, ingekuwa imeshaanza kufanya kazi hospitalini. Beba chupa au sashe uende nayo, ili muuguzi ajue anapambana na nini.

Ukienda CPN, kliniki ya wajawazito, safari ijayo, mwambie mkunga kwamba mlikuwa na dawa za shamba ndani ya nyumba na vidonge katika chumba cha watoto, hata kama hakukuuliza. Na mwombe shemeji apige picha ya kila chupa na sashe aliyo nayo, mbele na nyuma, ule mstari wa rangi uonekane. Nitumie. Nitakuambia moja baada ya nyingine ipi inaweza kubaki, kwa siku ngapi za kungoja, na ipi isirudi tena shambani kwake.